Fremu kuukuu, tupa na jiliwa: kisa cha bastola ya .45 ya Quantico

Januari 1985 majeshi ya Marekani yalitangaza kwamba yanaachana na bastola waliyoibeba tangu mwaka 1911. Mahali pake ingekaa M9, bastola ya Beretta kutoka Italia, yenye risasi za milimita 9, magazini ya risasi 15, na vipande vinavyotoka kiwandani vikiwa tayari kuingia katika bastola nyingine yoyote ya aina hiyo. Bastola ya zamani, M1911A1, ilipelekwa stoo. Hakuna hata moja iliyokuwa imenunuliwa mpya tangu 1945.

Muda si mrefu baada ya tangazo hilo, mafundi wachache wa kikosi cha Marine katika kambi ya Quantico, jimbo la Virginia, waliingia kwenye stoo hizohizo na kuanza kuchagua fremu, yaani viunzi vya chuma vinavyobeba mpini na vipande vingine vyote vya bastola. Walizichambua moja moja, wakaacha zilizochoka, wakachukua zilizokuwa bado nzima, wakazivua kila kitu. Juu ya kila fremu iliyobaki wakajenga bastola upya kwa mkono, kwa tupa, jiliwa na msasa. Silaha hiyo wakapewa makomando wa Force Recon, watu ambao wangeweza kupewa bastola yoyote waliyoitaka duniani.

Kazi hiyo iliendelea kwa zaidi ya robo karne. Sijui kisa kingine kinachoonyesha vizuri zaidi kwa nini watu hujengewa bastola za nusu-otomatiki kwa oda, na kazi hiyo hukwamia wapi. Wanaoipenda 1911 wanakisimulia kama hadithi ya ushujaa wa bastola ya babu zao. Mimi nakiona zaidi kama kisa cha karakana.

Kwanza bastola yenyewe. Jeshi la Marekani lilipokuwa likipigana Ufilipino mwanzoni mwa karne ya 20, askari walilalamika kwamba risasi za bastola zao za .38 haziwasimamishi wapiganaji wa Moro. Mwaka 1904 maofisa wawili, Thompson na LaGarde, walifanya majaribio kwenye machinjio ya Chicago kwa kupiga risasi ng'ombe hai na maiti za watu. Kwa vipimo vya leo majaribio hayo ni ya ovyo na ya kutisha, lakini yalitoa jibu ambalo wakubwa walilitaka: kaliba isipungue .45, yaani risasi yenye upana wa karibu milimita 11.5. John Moses Browning, akifanya kazi na kampuni ya Colt, ndiye aliyeifanya risasi hiyo kubwa ikae ndani ya bastola inayojijaza yenyewe. Machi 1911 bastola yake ilipigwa risasi 6,000 mfululizo; ilipopata moto kupita kiasi ilichovywa kwenye maji na kuendelea. Haikukwama. Ya mshindani wake, Savage, ilikwama mara 37. Tarehe 29 mwezi huohuo ikapitishwa.

Ili kuelewa kazi ya Quantico ni lazima kujua jambo moja kuhusu ubunifu wa Browning. Sehemu ya juu ya bastola, ambayo mafundi wa bunduki huiita slaidi, na mtutu ulio ndani yake, hufungamana kwa meno. Risasi ikitoka, viwili hivyo hurudi nyuma pamoja kwa umbali mdogo, kisha mtutu huinama upande wa nyuma na kujitoa kwenye meno, slaidi ikaendelea peke yake, ikatupa ganda, ikarudi mbele na risasi mpya. Kwa hiyo kila unapopiga, mtutu unatoka mahali pake na kurudi. Vilengeo, kwa upande mwingine, vimepachikwa kwenye slaidi. Mtutu ukirudi leo umekaa hivi na kesho umekaa vile, hata kwa tofauti ndogo kuliko unywele, risasi itakwenda kwingine, si kule vilengeo vilikoonyesha. Usahihi wote wa bastola hii unategemea kama mtutu unarudi palepale kila mara.

Sasa fikiria vita. Katika Vita Kuu ya Pili bastola hii ilitengenezwa na Colt na Ithaca, ambao angalau walikuwa watengenezaji wa silaha, lakini pia na Union Switch & Signal, waliokuwa wakitengeneza ishara za reli, na Remington Rand, kampuni ya mashine za kuchapa, ambayo peke yake ilitoa zaidi ya 800,000. Hata Singer, wale wa cherehani ambazo kila fundi nguo wa pwani yetu anazifahamu, walitengeneza bastola 500 za majaribio kabla ya kuhamishiwa kazi nyingine. (Hizo 500 leo ni miongoni mwa bastola za Kimarekani zinazosakwa sana na wakusanyaji, na wanaozitafuta hawatafuti usahihi wake.) Sharti la serikali lilikuwa slaidi ya Remington Rand iingie kwenye fremu ya Ithaca na mtutu wa mtu mwingine kabisa, jangwani au porini, bila fundi. Hilo linawezekana tu kama kila kipande kina nafasi kidogo ya kucheza. Watu hupenda kusema Browning aliilegeza makusudi ili ivumilie matope. Hakuna haja ya kumsingizia. Vipande vya viwanda vitano vikitakiwa kuingiliana, vitalegea tu.

Bastola ya vita, basi, ilikuwa ya kutegemewa na ya kulegalega. Ukiitikisa unaisikia. Vilengeo vyake vilikuwa vidogo hivi kwamba katika mwanga hafifu havionekani, na nyundo yake ikirudi nyuma iliwang'ata ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada wenye mikono minene. Maboresho ya miaka ya 1920, yaliyoipa herufi A1 mwishoni mwa jina, yalirefusha mkia wa nyuma ili kupunguza kung'ata huko. Kwa wengine bado uling'ata.

Walioanza kuirekebisha hawakuwa makomando. Walikuwa wapiga shabaha wa mashindano, watu wanaosimama wima na mkono mmoja umenyooshwa, wakipiga karatasi iliyo yadi 50 mbele, kama mita 46. Duara la alama kumi kwenye karatasi hiyo lina kipenyo cha milimita 85 hivi. Bastola ya vita haiwezi kuweka risasi zote humo hata ukiifunga kwenye meza. Colt ilianza kuuza toleo maalumu la mashindano katika miaka ya 1930, lakini kazi kubwa ilifanywa na mafundi wa timu za jeshi baada ya vita. Waliziba ile nafasi ya kucheza. Walibana reli za fremu, wakachomelea chuma pale kilipopungua na kukipunguza tena kwa tupa mpaka slaidi iteleze bila kuyumba. Mdomoni mwa mtutu waliweka bushi iliyochongwa kwa ajili ya mtutu huo na si mwingine. Kufikia 1955 karakana ya serikali ya Springfield ilikuwa ikizijenga bastola za namna hii rasmi kwa ajili ya mashindano ya taifa.

Raia nao hawakubaki nyuma. Huko Louisiana, Jim Clark, Marine wa zamani, alizijenga bastola na kuzipiga yeye mwenyewe; mwaka 1958 alitwaa ubingwa wa taifa wa bastola, akiwashinda wapigaji wa majeshi walioshinda kutwa wanafanya hiyo tu. Hakuna tangazo la biashara linalopita hilo. Halafu huko California, mwishoni mwa miaka ya 1950, Jeff Cooper, naye Marine wa zamani, alianza kuandaa mashindano ya namna nyingine huko Big Bear: kuchomoa haraka, mikono miwili, kupiga ukiwa unatembea, shabaha nyingi kwa muda mfupi. Kutokana na kundi lile, mwaka 1976, mjini Columbia, Missouri, ilizaliwa IPSC, shirikisho ambalo mchezo wake leo unachezwa hata Kenya na Afrika Kusini.

Mchezo wa Cooper ulibadilisha maana ya bastola nzuri. Kwa wapiga karatasi, nzuri ni ile inayobana. Kwa hawa wapya, bastola iliyobanwa mpaka ikakwama ni mzigo. Walitaka usahihi wa kutosha, vilengeo vinavyoonekana upesi, sefti (kizuizi cha kufyatuka) kubwa inayoweza kusukumwa kwa kidole gumba cha mkono wowote, kifyatulio chepesi na kifupi, na mdomo wa magazini uliopanuliwa ili kujaza upya bila kutazama. Armand Swenson, fundi wa California, ndiye anayetajwa zaidi kwa sefti ya pande mbili na kwa kikinga-kifyatulio kilichofanywa mraba kwa mbele, ili kidole cha mkono wa pili kipate pa kushika. Hiki cha mraba kimekuja kuachwa karibu na wote, maana ilionekana baadaye kwamba kidole hakina kazi pale, lakini kwa miaka ishirini kilikuwa alama ya mtu mwenye bastola ya maana.

Mwaka 1977 kijana mmoja wa Berryville, Arkansas, Bill Wilson, alianza kurekebisha bastola katika duka la baba yake, la vito na saa. Ukitaka kuelewa aina ya mkono unaotakiwa, mtazame fundi saa: kazi yote ni kujua uondoe chuma kiasi gani na uache lini, kwa sababu ukishakipunguza hukirudishi. Wilson pia alitengeneza magazini ya chuma kisichoshika kutu, kwa ushirikiano na Bill Rogers, na magazini hiyo inarudi katika kisa chetu.

Hivyo, Marine walipotafuta bastola kwa ajili ya vikosi vyao vipya vya 1985, vile vya baharini vilivyopewa mafunzo ya operesheni maalumu na kufupishwa kwa herufi MEU(SOC), jibu lilikuwa limeshaandaliwa na raia kwa miaka thelathini.

Kwa nini hawakuichukua M9 kama wengine? Sababu ya kwanza ni risasi. Majeshi, kwa mapokeo ya mkataba wa Hague wa 1899, hutumia risasi zisizopanuka zikiingia mwilini. Kama risasi haipanuki, yule anayeingia chumbani kuwaokoa mateka anaona bora ianze ikiwa pana. Risasi ya .45 ina uzito wa gramu 15 hivi, ya milimita 9 ina gramu 8. Mjadala wa kaliba gani huua vizuri zaidi ni wa kuchosha na sitauingia, ila ndani ya Marine ya miaka ile ulikuwa umekwisha kabla haujaanza. Sababu ya pili, ambayo naiamini zaidi, ni kifyatulio. M9 mara ya kwanza huvutwa kwa umbali mrefu na kwa nguvu nyingi, kisha risasi zinazofuata huvutwa kwa wepesi. Mpigaji lazima ajifunze mivuto miwili. 1911 ina mvuto mmoja tu, mfupi, uleule mwanzo mpaka mwisho. Kwa mtu anayepiga risasi mia kadhaa kwa wiki hilo halihitaji maelezo. Na kama kulikuwa na mwenye shaka, kati ya 1987 na 1988 slaidi kadhaa za Beretta zilivunjika mikononi mwa makomando wa SEAL wa jeshi la wanamaji, nao wakahamia bastola za kampuni ya SIG.

Sababu ya tatu haisemwi sana: mafundi walikuwapo. Quantico kulikuwa na kitengo cha silaha za shabaha, kilichozijenga bunduki za wadunguaji na bastola za timu ya mashindano. Watu wale walikuwa wamesomea kazi hiyo, na jeshi lina namba maalumu kwa ajili ya ufundi wao, 2112. Bila wao oda hii ingeonekana ndoto.

Mwaka 1986 Kanali Robert Young aliandika sifa za bastola inayotakiwa, na orodha ya vipande ukiisoma ni kama sajili ya mafundi raia wa Marekani wa enzi hiyo. Mtutu wa Bar-Sto, wa chuma kisichoshika kutu. Sefti ya mshiko kutoka King's Gun Works, yenye mkia mpana uliomaliza ule ugonjwa wa kung'ata. Sefti ya gumba ya pande mbili. Vilengeo vya Millett. Kifyatulio chepesi cha aluminiamu cha Videcki. Mpini wa mpira wa Pachmayr. Na magazini za Wilson-Rogers. Slaidi za zamani zilipoanza kuisha nguvu, walinunua mpya kutoka kampuni ya Springfield Armory, ambayo licha ya jina ni ya binafsi na haina uhusiano na ile karakana ya serikali iliyofungwa 1968.

Fremu peke yake ndiyo ilibaki ya Vita vya Pili. Hapa pana jambo la kuchekesha kidogo. Fremu ndiyo yenye namba ya usajili, na kisheria na kwa makaratasi ya jeshi fremu ndiyo bastola. Kwa hiyo kwa mhasibu wa stoo hapakuwa na bastola mpya iliyonunuliwa. Palikuwa na bastola ya mwaka 1943 iliyofanyiwa matengenezo. Kwamba matengenezo yenyewe yamebadilisha kila kinachosogea, hilo halimhusu. Sina shaka urahisi huo wa makaratasi ulisaidia mpango kupita.

Fundi alipopokea fremu aliondoa kwanza kila ukingo mkali, maana bastola inayochana mkono haishikwi vizuri na ile inayochana nguo haichomoki upesi. Kisha ikaja kazi ya kuoanisha. Mtutu wa Bar-Sto ulinunuliwa ukiwa mkubwa kuliko unavyotakiwa, makusudi. Ndiyo siri yote ya ujenzi kwa mkono: kipande kije kikiwa kimezidi, fundi akipunguze mpaka kikae, akijaribu, akipaka rangi kuona chuma kinagusana wapi, akipunguza tena. Slaidi na mtutu vilioanishwa, bushi ikaoanishwa na mtutu, kifyatulio na nyundo vikasuguliwa mpaka vikaachiana bila kukwaruza. Vipande vikapigwa chapa ya tarakimu za mwisho za namba ya fremu. Kuanzia hapo vilikuwa vya bastola moja. Kuvichanganya na vya jirani kulikuwa ni kuharibu bastola mbili kwa mpigo.

Chapa hiyo ndogo ndiyo sifa ya bastola ile na ndiyo kilema chake. Ile bastola ya 1943 ilikuwa inalegea kwa sababu ilikuwa ya kila mtu. Quantico waliiponya kwa kuifanya isiingiliane na nyingine yoyote. Sharti ambalo serikali ililipa mamilioni kulipata wakati wa vita, kwamba kipande chochote kiingie popote, fundi alilifuta kwa tupa kwa siku kadhaa za kazi.

Kwa kikosi kidogo hilo halikuwa tatizo. Force Recon walikuwa wachache. Bastola ilipigwa maelfu ya risasi mazoezini, ikachoka, ikarudishwa Quantico, ikavuliwa, ikawekewa mtutu mpya na springi mpya, ikarudi kazini. Kambini palikuwa na fundi mwenye spea na ujuzi. Kwa kila bastola palikuwa na mtu aliyeijua. Hali hiyo, ukiondoa sare, ndiyo ya mwanamichezo wa IPSC mwenye fundi wake mjini. Bastola ya oda hufanya kazi vizuri pale ambapo kuna mpigaji mmoja, fundi mmoja na simu kati yao.

Wengine waliotazama Quantico walifuata njia ya karibu na hiyo, ila kwa kulipia kiwandani. FBI walipotaka .45 kwa kikosi chao cha kuokoa mateka, mwaka 1998 walitoa zabuni kwa Springfield Armory, ambao karakana yao ya oda iliwajengea toleo lililoitwa Professional. Polisi wa SWAT, kikosi maalumu cha Los Angeles, walichukua bastola za kampuni ya Kimber. Kila mmoja alikuwa na watu wachache, si maelfu.

Halafu ikaja 2001, na baada yake Afghanistan na Iraq. Vikosi maalumu vikapanuka. Mwaka 2003 Marine waliunda kikosi cha majaribio, Det One, kama watu mia hivi wasiotimia, kitakachofanya kazi chini ya kamandi ya operesheni maalumu. Walihitaji bastola. Hao si watu wengi. Kiwanda cha kawaida kingewatosheleza kwa asubuhi moja. Quantico hawakuweza kwa muda uliotakiwa. Mafundi walikuwa haohao, mikono ileile, na wakati huohuo bunduki za wadunguaji zilikuwa zinarudi kutoka vitani kwa matengenezo. Ikabidi Det One wanunue kutoka Kimber, kwa kutumia fremu na slaidi mpya za kiwandani.

Hapo ndipo kisa kinapogeuka, na mashabiki hupita haraka. Bastola ya Quantico haikushindwa vitani. Sijawahi kusoma kwamba askari waliobeba silaha ile waliikataa. Kinyume chake, waliing'ang'ania. Ilishindwa kwa kuhesabu: fremu za 1945 haziongezeki, na fundi wa 2112 hapatikani kwa kutangaza nafasi ya kazi leo na kumpata kesho. Kila mwaka uliopita, stoo ilipungua fremu nzima na dunia ilipungua watu wanaojua kuzitumia. MARSOC, kamandi kamili ya operesheni maalumu ya Marine, ilipoundwa Februari 2006, mahitaji yakawa ya maelfu.

Julai 2012 Colt walipewa mkataba wa hadi dola milioni 22.5 kwa bastola zisizozidi 12,000, oda ya kwanza ikiwa 4,036. Ziliitwa M45A1. Kwa sura zilifanana na kazi ya Quantico: sefti ya pande mbili, mkia mpana, vilengeo vya Novak vinavyoonekana gizani, na chini ya mtutu reli ya kufungia tochi. Rangi yake ya mchanga iliwagawanya watu. Tofauti kubwa ilikuwa ndani. Mashine zinazoongozwa na kompyuta zilikuwa zimefika mahali pa kukata chuma kwa usahihi ambao mwaka 1943 uliwezekana kwa mkono tu. Kubana na kuingiliana, vitu viwili vilivyokuwa vikigombana kwa miaka mia moja, vikaanza kupatana.

MARSOC hawakukaa nayo. Kufikia 2016 walikuwa wamehamia Glock 19, bastola ya plastiki na chuma ya milimita 9, nafuu, nyepesi, inayobeba risasi 15, na ambayo askari huibadilishia kipande mezani bila kumtafuta mtu. Ule mjadala wa kaliba, uliokuwa umekwisha kabla haujaanza, ukaisha kwa upande wa pili. Risasi za milimita 9 zilikuwa zimeboreshwa, na mivuto miwili ya Beretta haikuwa hoja tena maana Glock nayo ina mmoja.

Kwa hiyo walikosea mwaka 1986? Naona hapana. Kwa kikosi cha ukubwa ule, kwa bastola zilizokuwa sokoni miaka ile, na kwa mafundi waliokuwa tayari wako kwenye orodha ya mishahara, ilikuwa kazi nzuri na ya bei inayoeleweka. Kosa, kama lipo, ni la mwishoni mwa miaka ya 1990, pale ambapo kila mtu Quantico aliweza kuhesabu fremu zilizobaki na bado hakuna aliyeandaa mrithi. Silaha ilipendwa kiasi kwamba swali la nini kifuate lilionekana ni utovu wa adabu.

Kinachonivutia zaidi ni kilichotokea upande wa raia, maana huko mantiki ilipaswa kuua biashara na haikuua. Bastola ya kiwandani ya leo, ya bei ya kawaida, inapiga vizuri kuliko wengi wetu tutakavyoweza kuipiga. Hitaji lililomtuma Swenson na Clark kushika tupa limekwisha. Hata hivyo Berryville, mji ule mdogo wa duka la saa, sasa una kampuni mbili kubwa za bastola za oda: Wilson Combat, na Nighthawk Custom iliyoanzishwa 2004, ambayo hujitangaza kwamba bastola moja hujengwa na fundi mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Bei huanzia juu ya dola 3,000, nyingi huvuka 4,000, na mafundi wanaofanya kazi peke yao huwa na foleni ya miaka.

Mnunuzi analipia nini? Muuzaji atasema usahihi, na kwa sehemu ni kweli. Lakini muulize mwenyewe atakuonyesha vitu vingine. Slaidi inayoteleza kana kwamba reli zimepakwa asali. Vijimraba vya kushikia vilivyochongwa mbele ya mpini, mistari 20 au 30 kwa inchi, kila mmoja umenyooka kwa mkono. Kifyatulio kinachoachia bila onyo la kukwaruza. Weusi wa chuma usio na wingu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitajiwa na mtu anayejihami, na baadhi, kama kubana kupita kiasi, humdhuru: bastola mpya ya namna hiyo mara nyingi hutaka kupigwa mamia ya risasi kabla haijalainika. Wauzaji huita hilo kuizoesha bastola. Kama gari jipya lingezimika barabarani kwa wiki mbili za kwanza tungeliita bovu.

Nadhani wanachonunua ni ile chapa ya tarakimu: ushahidi kwamba vipande hivi vimekutanishwa na mtu, na haviwezi kukaa vizuri mahali pengine. Jeshi lilikivumilia kilema hicho kwa ajili ya usahihi. Raia anakilipia. Naye anamudu kufanya hivyo kwa sababu hatakuwa na bastola 4,000 za kutengeneza, wala hatakuwa jangwani bila fundi.

Mwaka 2020 Marine walianza kugawa M18 ya SIG kuchukua nafasi ya bastola zao zote, M45A1 zilizobaki zikiwamo. Katika M18 namba ya usajili haiko kwenye fremu kubwa ya chuma. Iko kwenye kisanduku kidogo chenye kifyatulio na nyenzo zake, ambacho huchomolewa na kupachikwa ndani ya mpini wowote wa plastiki, mkubwa au mdogo, kwa kadiri ya mkono wa askari. Raia wa Marekani wameshaanza kujijengea bastola zao kwa njia hiyohiyo, wakinunua mpini huku na slaidi kule, na vikifika vinaingia bila kuguswa na tupa.